Foamu ya inchi mbili juu ya sakafu ya zege, karakana ya Minnesota: uzoefu wangu

Aisee winta imeisha na hii kitu iko chini ya miguu yangu muda wote, kwahiyo sasa naweza kuisemea. Nazungumzia zile shiti za foamu ngumu, XPS, za pinki au za bluu, futi 4 kwa 8, zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huku Marekani.

Mimi nafanya useremala kwenye gereji ya nyumba hapa Minneapolis, gereji ya gari moja, futi 12 kwa 24. Kuta na dari zilishazibwa vizuri na hita ya umeme ipo, lakini yani unafanya kazi juu na tisheti huku vidole vya miguu huvisikii kabisa, soksi mbili na buti juu. Kila mtu ananiambia ongeza hita. Hita ya nini jamani, joto linapanda darini lenyewe, na zege halizuii baridi, inchi 4 za zege hazifiki hata R 1 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, namba kubwa ndo nzuri), wakati hii foamu inchi moja tu ni R 5, mbili ni R 10. Na pembeni kule zege linapogusana na theluji ndo balaa. Afu sio miguu tu, gundi ya mbao ukiipaka kwenye ubaridi inakauka nyeupe kama chaki na kiungo hakishiki, na siku hali ya hewa ikilainika zege linatoka jasho, patasi zinaota kutu ukiziangalia hivi hivi.

Kabla hujanunua chochote kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, uache siku moja mbili. Ukikuta matone kwa chini jua unyevu unapanda toka ardhini, shughulika na huo kwanza. Kwangu palikua pakavu, bado nikatandika nailoni nzito ile ya mil 6, yani unene wa sehemu 6 za elfu za inchi, na kuipandisha ukutani kidogo.

Futi za mraba 288 zinakula shiti 9 kamili, moja ilinitoka dola hamsini na kitu. Kuikata raha, chora na kisu cha bleidi, vunja gotini, imekwisha, haimwagi vile vipunje vyeupe kama foamu ya kwenye maboksi ya tivii. Nikaacha nafasi nusu inchi kuzunguka kuta nikaijaza povu la kopo, maungio nikapiga tepu, juu yake plaiwudi mbili za nusu inchi zimepishana maungio, zimefungwa skrubu zenyewe kwa zenyewe tu. Sikutoboa zege wala nailoni. Angalia skrubu zisiwe ndefu.

Watu wanaogopa itabonyea. Chukua iliyoandikwa psi 25, yani pauni 25 kwa inchi moja ya mraba, hiyo inabeba pauni 3600 kwa futi moja ya mraba, msumeno wangu wa meza wa chuma umekaa pale na hakuna kilichotikisika. Kinachosumbua ni uvimbe kwenye zege, shiti ikikaa juu ya nundu inacheza na ukikanyaga inalia, ikabidi nikasage nundu mbili na vumbi lake usiombe, vaa barakoa ya maana. Na gereji zinajengwa na mteremko kuelekea mlangoni maji yatoke, kwahiyo sakafu mpya nayo imeinama, meza zote nimeziwekea kabari miguuni.

Lawama zangu: sakafu imepanda inchi 3 nzima, mlango mdogo nimeukata chini, na pale kwenye mlango mkubwa pamekua ngazi, gari haliingii tena vizuri. Kusafirisha nako, shiti juu ya pikapu kwenye haiwei inataka kuruka, funga kamba mbele na nyuma uende polepole.

Mwenye kuchomelea asiweke hii kila mahali, foamu inawaka na moshi wake mbaya, aache kona ya zege tupu. Hata seremala asiiache wazi, lazima ifunikwe.

Sahivi hita inazima yenyewe mara kwa mara na nasimama na raba za kawaida. Nyota nne. Ya tano ningeipa kama isingekua hiyo ngazi ya mlangoni, mke wangu ashajikwaa hapo na maneno niliyoyasikia siyaandiki.