Uzoefu wangu: Orodha ya nyimbo ya pamoja na kundi la WhatsApp la wenzangu wa bweni

Kwa zaidi ya miaka miwili sasa, mimi na wenzangu kumi na watatu, ambao tulisoma pamoja katika shule ya bweni mkoani Tanga na kumaliza kidato cha nne mwaka 1988, tumekuwa tukikusanya nyimbo za ujana wetu kwa kutumia vitu viwili: orodha ya pamoja ya Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, na kundi la WhatsApp. Wengine tuko Dar es Salaam, wengine wamebaki Tanga na Handeni, mmoja yuko Mombasa, mmoja Muscat na mmoja Leicester. Ninaandika tathmini hii kwa sababu watu kadhaa wameniuliza tunavyofanya, na pia kwa sababu tulijaribu kila kimoja peke yake kabla ya kuviunganisha, na mara zote mbili tulishindwa.

Mara ya kwanza tulikuwa na kundi la WhatsApp pekee. Nyimbo zilimiminika kama mvua ya masika. Siku nyingine viungo thelathini vya YouTube viliwekwa kabla ya saa sita mchana, na kila aliyeweka alitarajia kusikilizwa, lakini hakuna aliyekuwa na bando wala nafasi ya kufungua hata robo yake. Baada ya wiki sita kundi likawa la salamu za asubuhi na taarifa za misiba. Mara ya pili tukafungua orodha ya nyimbo bila kundi. Orodha ilijaa vizuri, kisha ikanyamaza. Nyimbo zilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu wa kuniambia kwa nini kijana aliyekuwa mkimya kuliko wote darasani alikuwa ameweka nyimbo saba za bendi ya Vijana Jazz mfululizo, na mimi nilitaka kujua jambo hilo kuliko nilivyotaka kuzisikia nyimbo zenyewe.

Utaratibu uliotufaa ulitoka kwa yule aliyekuwa Kaka Mkuu wetu, ambaye bado tunamwita hivyo. Kila Ijumaa mtu mmoja, kwa zamu, anaongeza wimbo mmoja kwenye orodha, halafu anatuma kwenye kundi ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu akieleza wimbo huo ulimkuta wapi, alikuwa na nani, na kwa nini haujamtoka. Chini ya sauti hiyo anaandika mstari mmoja wenye jina la wimbo, jina la bendi na mwaka ikiwa anaujua. Wengine wana wiki nzima ya kusikiliza na kujibu. Sharti la mstari wa maandishi lilionekana dogo mwanzoni, lakini sauti haiwezi kutafutwa kwa maneno, na bila mstari huo tusingeweza leo kurudi nyuma na kukuta ni nani aliyesimulia nini.

Kwa upande wa Spotify, huduma hiyo ilifunguliwa Tanzania na Kenya Februari 2021, na uundaji wa orodha ya pamoja ni rahisi kiasi kwamba nilimwelekeza kwa simu mwenzetu wa Handeni, ambaye hapendi kabisa mambo ya programu, naye akamaliza ndani ya dakika kumi. Mwenye orodha hutuma kiungo cha mwaliko, na aliyekubali anaweza kuongeza nyimbo, kuziondoa na kuzipanga upya. Kando ya kila wimbo huonekana alama ya aliyeuweka. Kwangu mimi alama hiyo ndogo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu ninapokuwa njiani na wimbo ukabadilika, natazama kioo cha simu kabla hata sauti ya kwanza haijaimbwa, nami najua kwamba nitakayemsikia sasa ni yule wa Mombasa, na kwamba magitaa yatakuwa ya Nairobi.

Kuhusu gharama, hesabu yake ni hii. Kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza hula takriban MB 43. Ukishusha hadi ubora wa chini kabisa wa kilobiti 24, hula takriban MB 11. Nyimbo zetu za dansi ni ndefu, wimbo wa dakika tisa si ajabu, kwa hiyo nyimbo saba tu zinamaliza saa nzima. Wengi wetu tunatumia huduma ya bure yenye matangazo na tumeridhika nayo. Mimi nalipia, kwa sababu nasafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Dar es Salaam na Tanga, na malipo huniruhusu kupakua nyimbo nyumbani na kuzisikiliza njiani hata mahali pasipo na mtandao. Kwa mtu asiyesafiri sana sioni ulazima wa kulipa.

Katika mwaka wetu wa kwanza tulipata ajali moja ambayo nataka kila anayefikiria orodha ya namna hii aijue. Mwenzetu mmoja alidhani anapunguza nyimbo kwenye simu yake tu ili apate nafasi, kumbe alikuwa akiziondoa kwenye orodha ya wote. Nyimbo arobaini na moja ziliondoka jioni moja. Alihuzunika mno, akaomba radhi kwa sauti iliyomkauka, na sisi tulimsamehe papo hapo kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemweleza tofauti. Kilichotuokoa ni ile mistari ya maandishi kwenye kundi: tulirudi Ijumaa moja baada ya nyingine, tukasoma, tukarejesha nyimbo zote isipokuwa tatu. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi mmoja wetu hunakili orodha nzima kwenye orodha nyingine ambayo yeye peke yake ndiye anayeweza kuigusa. Mtu akianzisha orodha ya pamoja bila nakala, ajue kwamba kidole kimoja kinatosha kufuta kazi ya mwaka.

Jambo la tarehe nalo linahitaji uangalifu. Nyimbo nyingi za zamani zimeingia katika huduma za muziki kupitia mikusanyiko iliyotolewa upya, hivyo mwaka unaoonekana mara nyingi ni wa kutolewa upya, si wa kurekodiwa. Wimbo tuliousikia tukiwa watoto unaweza kuonekana kana kwamba ni mdogo kuliko mabinti zetu. Majina ya bendi pia huandikwa kwa namna mbalimbali, na ukitafuta kwa namna moja tu unaweza kudhani wimbo haupo. Sisi huandika mwaka wetu wenyewe kwenye kundi, na pale tusipokubaliana tunabishana mpaka mmoja alete ushahidi wa jalada la santuri au kaseti.

Mabishano yenyewe ni sehemu ya raha. Mfano mzuri ni wiki ambayo mwenzetu wa Mombasa aliweka «Sina Makosa» wa Les Wanyika na kuutaja kuwa wimbo wa Kenya. Watu wa Tanga hawakulala. Walimkumbusha kwamba Les Wanyika ilijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na kwamba Simba Wanyika ilianzishwa na ndugu wa akina Kinyonga waliotoka Tanga hii hii. Yeye akajibu kwamba santuri ilirekodiwa Nairobi na kwamba Nairobi ndiyo iliyowalea. Kwa siku nne tulijifunza kuhusu safari za wanamuziki hawa, kutoka Tanga hadi Arusha na kuvuka mpaka, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mpangilio kama ule. Hadi leo kila upande umebaki na msimamo wake, na wimbo umebaki kwenye orodha ukiwa na alama yake yeye.

Ubishi mwingine usioisha ni wa chemko, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hupamba moto. Wapo wanaosema kwamba wimbo wa dansi huanza pale kisa kinapokwisha na magitaa yanapochachamaa, na kwamba mtu anaweza kuruka moja kwa moja hadi hapo. Mimi ni wa kundi la kisa. Remmy Ongala na Marijani Rajabu walitufundisha kusikiliza maneno kwanza, na chemko hunoga kwa sababu umesubiri. Katika hili sitabadilika.

Lipo pengo, nalo halitokani na programu yoyote bali na historia ya muziki wetu. Katika miaka tuliyokuwa shuleni, bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kurushwa hewani. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 ukaja kufunguliwa mwaka 1983, kwa hiyo nyimbo nyingi ambazo taifa zima liliziimba hazikupata kuwa bidhaa ya kununuliwa. Kanda zilibaki kwenye maktaba ya redio. Sisi tulizijua kwa masikio, tukiwa tumezunguka redio moja ambayo betri zake tulizianika juani mchana ili zifike usiku. Mtu asishangae basi anapotafuta wimbo aliouimba kila siku mwaka 1986 akakuta hakuna hata alama yake. Kwenye orodha yetu nyimbo zinazopatikana ni mia moja na tisa. Nyimbo kumi na saba zipo kwenye kundi tu, kama sauti za wenzetu wakijaribu kuziimba.

Hapa ndipo ujumbe wa sauti unapofanya kazi ambayo orodha haiwezi. Kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano nilikuwa na kipande cha wimbo kichwani ambacho sikujua jina lake wala maneno yake. Mama mmoja aliyekuwa akitupikia uji shuleni, mwenyeji wa Pangani, alikuwa akiuimba alfajiri huku akipuliza kuni, na mimi nilikuwa katika zamu ya kuchota maji, kwa hiyo nilimsikia kabla ya wengine kuamka. Zamu yangu ilipofika nilieleza hayo, kisha nikaimba kwa mdomo uliofumbwa kwa muda wa sekunde ishirini hivi. Nilisita kabla ya kutuma, maana sauti yangu si ya kuimbia watu. Usiku uleule, baada ya swala ya isha, mwenzetu wa Muscat alijibu: «Kaka, hiyo ni taarab ya kwetu Tanga. Marehemu mama alikuwa nayo kwenye kaseti, upande wa pili, wimbo wa tatu.» Akaimba maneno ambayo mimi sikuyajua. Ulikuwa mmoja wa nyimbo za zama za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa na besi katika taarab, na sauti ilikuwa ya Shakila Saidi, aliyetutoka mwaka 2016. Niliisikiliza sauti ya mwenzangu mara nne mfululizo. Kisha mke wangu akaniuliza ninalilia nini, nikamwekea asikie.

Kuna mashine zinazotambua wimbo ukizisikilizisha, lakini katika jambo hili aliyehitajika ni mtoto wa mama aliyekuwa na kaseti ileile.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu unahusu zaidi watu kuliko vifaa. Kundi letu lina watu kumi na wanne, na nadhani likizidi ishirini zamu itachelewa mno na watu watasahau. Wimbo mmoja kwa wiki ni mdogo kwa mwenye hamu, lakini ndio unaosikilizwa. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu unatosha. Aliye na mengi ataomba wiki ya ziada, na tumewahi kumpa. Usiruhusu salamu, siasa wala matangazo ya biashara katika kundi hilo, hata kwa siku moja. Sisi tuna kundi lingine la mambo hayo. Wekeni pia nakala ya mazungumzo mapema. Mimi niliwahi kuangusha simu baharini nikiwa sijaweka nakala, na sauti zote za miezi mitano zilinipotea hadi Kaka Mkuu aliponitumia upya moja moja kutoka kwake, kazi iliyomchukua jioni mbili.

Kwa sasa tuna mradi mpya uliotokana na zile nyimbo kumi na saba. Mwenzetu wa Handeni amekuta kwenye dari ya nyumba ya wazee wake sanduku la kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni, nyingine zikiwa na sauti ya mtangazaji katikati ya wimbo. Nimenunua waya wa kuunganisha redio kaseti na kompyuta, na tumekubaliana kwamba tutakachopata kitabaki kwetu, hakitapakiwa hadharani, kwa kuwa haki za nyimbo hizo si zetu. Kaseti ya kwanza ilifika kwa basi Jumatano, ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha khanga. Mkanda ulikuwa umelegea, nikaukaza taratibu kwa kalamu, nikabonyeza. Upande wa kwanza una mkwaruzo mwingi, lakini kufikia dakika ya kumi na mbili nimeutambua wimbo mmoja kati ya kumi na saba, na zamu ya kesho ni yangu.