Matembezi ya kuongozwa London: ya kulipia na ya kuacha

London huuza matembezi ya kila namna: ya wauaji, ya mizimu, ya wachawi wa sinema, ya wafalme, ya baa, ya vyakula, ya Waroma, ya Waafrika. Mengi huchukua kama saa mbili, mwendo wa kilomita mbili au tatu, na mtu mzima anayejiunga na kikundi hulipa takriban pauni 15 hadi 25. Kwa kuwa bei zinakaribiana hivyo, haziwezi kukusaidia kuchagua. Nyota za wateja mtandaoni nazo hazisaidii sana, maana karibu kila kampuni imejaziwa tano.

Mimi hutumia maswali mawili. Kinachosimuliwa bado kipo, nikione kwa macho? Na je, ningekiona mwenyewe bila mtu wa kunionyesha? Matembezi ya kulipia ni yale yanayojibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili. Big Ben ipo, lakini hakuna haja ya kumlipa mtu akuonyeshe mnara wa mita 96. Nimeyapanga kwa kipimo hicho, nikimfikiria mgeni anayetoka kwetu, ambaye kila pauni ameinunua kwa shilingi nyingi.

1. Biashara ya utumwa katika City

City ndicho kiini cha London, eneo la kama maili moja ya mraba lililojaa mabenki na makampuni ya bima. Ukipita peke yako utaona vioo na watu wenye haraka. Ukipita na mwongozaji anayejua kazi yake, utaona jinsi miwa ya Karibi na miili ya Waafrika ilivyogeuzwa fedha, tena katika vichochoro vilevile ambavyo bado vinapitika.

Karibu na kituo cha Bank kuna kanisa la St Mary Woolnoth. Padri wake kuanzia 1780 alikuwa John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa ambaye baadaye aliipinga biashara hiyo hadharani. Alifariki 1807, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku. Hatua chache kutoka hapo, katika Lombard Street, ndipo mkahawa wa Edward Lloyd ulipohamia 1691, na wenye meli, zikiwemo za watumwa, wakawa wanakwenda kukata bima huko. Kisha Fen Court, uwanja mdogo uliojificha kati ya majengo, wenye nguzo za mawe zilizochongwa kama mashina ya miwa na beti za mshairi Lemn Sissay zikiwa zimechorwa juu yake. Desmond Tutu alizizindua nguzo hizo 2008. Wafanyakazi wa ofisi hukaa pale kula mkate wao wa mchana, na wewe bila kuambiwa ungedhani ni mapambo tu.

Kasoro yake ni moja: masimulizi karibu yote ni ya Atlantiki. Mtu wa pwani yetu aulize swali lake mapema, kabla ya kulipa: mwongozaji anajua lolote kuhusu upande wa Bahari ya Hindi, kuhusu mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, kuhusu Sultani Barghash aliyekuja London mwenyewe 1875? Akisema hajui, si dhambi. Akibabaisha, tafuta mwingine.

Baada ya matembezi panda treni ya DLR kutoka Bank hadi Canary Wharf, utembee dakika chache hadi London Museum Docklands. Hakuna kiingilio. Jumba lenyewe ni ghala la sukari la 1802, na ndani kuna ukumbi wa maonyesho kuhusu sukari na utumwa. Nje palikuwa na sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa, hadi ilipoondolewa Juni 2020.

2. Moto wa 1666 na magofu yaliyosalia

Haya yangeweza kuwa ya kwanza. Moto ulianza usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666 katika tanuri la mwokaji mikate Thomas Farriner, Pudding Lane, ukala nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Mnara wa kumbukumbu, Monument, una urefu wa futi 202, sawa na umbali kutoka ulipo hadi kwenye tanuri hilo. Hayo yote yamo katika kila kijitabu, na mwongozaji mvivu ataishia hapo.

Mwongozaji mzuri atakuonyesha ubavu wa mnara na kukueleza kwamba 1681 yaliongezwa maandishi ya Kilatini yakiwasingizia Wakatoliki, na hayakufutwa kabisa hadi 1830. Atakupeleka St Dunstan in the East, kanisa lililopigwa mabomu ya Wajerumani 1941, ambalo kuta zake sasa zimezunguka bustani yenye mimea inayotambaa hadi madirishani. Atakupitisha Postman's Park, kwenye vigae vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine: mtoto aliyezama, mtumishi aliyeungua. Ukuta wa Waroma uko Tower Hill, mita chache kutoka kituoni, na watu hupita wakikimbilia Tower of London bila hata kugeuza shingo.

Chukua haya siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili City hulala, makanisa mengi hufungwa, na utabaki kusimuliwa mbele ya milango. Anayetaka picha zisizo na watu, basi Jumapili asubuhi ni yake. Kupanda Monument ni ngazi 311 na hulipiwa mbali. Wenye magoti yanayouma wabaki chini.

3. Spitalfields na Brick Lane

Kama una nafasi ya matembezi mamoja tu na historia ya vita na wafalme inakuchosha, haya yapande juu. Kwenye pembe ya Fournier Street na Brick Lane kuna jengo lililojengwa 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likatumiwa na Wamethodisti, 1898 likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabangladeshi. Wengi wa waliolitumia walikuja wakiwa wageni. Hakuna ukumbi wa makumbusho unaoweza kueleza uhamiaji wa London kama ukuta huo, na mtu yeyote mwenye ndugu Barking au Leicester ataelewa haraka.

Hapa ndipo wauzaji watakapokupandishia bei kwa kukuongezea chakula. Matembezi ya vyakula hugharimu mara tatu au nne ya yale ya kawaida, na mara nyingi unachopewa ni vionjo. Ushauri wangu: lipia ya historia, kisha ukale mwenyewe. Beigel Bake ya Brick Lane hufunguliwa saa 24 na bei zake ni za watu wa kawaida. Muislamu akiamua kulipia ya vyakula, aulize habari ya halali kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Vituo vya baa na nyama ya nguruwe ni vya kawaida, na kusema tu «tutakupatia cha mboga» si jibu kwa pauni 70.

4. Westminster

Hapa usilipie tiketi. Chukua ya «bure». Mambo makubwa yanaonekana yenyewe, na unachohitaji ni mtu wa kukupangia njia. Lakini elewa neno bure linavyofanya kazi. Mwongozaji anaishi kwa bahshishi, na baadhi ya kampuni humtoza yeye kiasi fulani kwa kila kichwa alichokuja nacho. Kuondoka bila kutoa kitu ni kumwachia hasara. Pauni 10 kwa mtu mzima ni heshima. Vikundi vyake huwa vikubwa, watu 30 hivi, basi simama mbele.

Ambayo hawatakuonyesha, jionyeshe. Katika bustani za Whitehall, ukingoni mwa Thames, kuna sanamu ya Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa Unguja 1873 kumshinikiza Barghash. Mtu wa Mombasa anamjua kwa jina la Frere Town kule Kisauni, ingawa pengine hajawahi kuiona sura yake. Lancaster House, ambako mikutano ya katiba ya Kenya ilifanyika kati ya 1960 na 1963, iko ng'ambo ya St James's Park. Na Pimlico, namba 95 Cambridge Street, kuna kibao cha bluu ukutani: Jomo Kenyatta aliishi hapo 1933 hadi 1937. Ni nyumba ya watu, kwa hiyo piga picha barabarani na uendelee.

Ndani ya Westminster Abbey ni hesabu nyingine: kuna kiingilio, na matembezi ya mitaani hayaingii. Kwa msomaji wetu nasema ingia. David Livingstone amezikwa katikati ya ukumbi mkuu, 18 Aprili 1874. Alifariki Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari mwaka uliofuata. Bamba la kaburi linataja mikono iliyomleta bila kutaja majina yao. Mwongozaji anayeyataja amestahili bahshishi mbili.

5. Sinema na muziki

Watoto watataka ya Harry Potter, yule mvulana mchawi, nawe utakubali. Soko la Leadenhall ni zuri lenyewe, Millennium Bridge pia, na toroli lililozama ukutani King's Cross halina malipo, lina foleni tu. Bila watoto, ruka. Jihadhari na jambo moja: studio zilikopigwa sinema hizo ziko Leavesden, nje ya mji, na tiketi zake ni za kukata mapema sana. Matembezi ya mjini hayakufikishi huko.

Wazanzibari huniuliza kuhusu Freddie Mercury. Nyumba aliyoishi ujanani iko Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na kibao chake kiliwekwa 2016. Ile ya Kensington ni ukuta mrefu tu. Usimlipe mtu kwa ajili ya ukuta.

6. Muuaji wa Whitechapel

Haya ndiyo yanayouzwa kuliko yote, na mimi nayaweka mwisho. Wanawake watano waliuawa kati ya mwisho wa Agosti na Novemba 1888, muuaji, aliyepewa jina la Jack the Ripper, hakujulikana, na mji ukageuza kifo chao kuwa biashara ya jioni. Hata ukiweka kando suala la heshima, hakuna cha kuona: mitaa imebomolewa, Mitre Square imejengwa upya, na utasimama mbele ya ofisi ya vioo ukionyeshwa picha kwenye kishikwambi huku kikundi kingine kikisubiri mwondoke. Wakati wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hata lile giza unalouziwa halipo. Ukilazimika, tafuta yanayosimulia maisha ya wanawake wenyewe: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly.

Kabla ya kukata tiketi

Sheria ya Uingereza haimlazimishi mtu kuwa na leseni ili kuongoza watalii mitaani. Yeyote mwenye mwavuli na sauti anaweza kuanza kesho. Ndiyo maana beji ni muhimu. Beji ya bluu ndiyo ya juu kabisa, hupatikana baada ya mafunzo marefu na mitihani, na mwenyewe anaweza kukuongoza hadi ndani ya majengo makubwa kama Abbey. Ya kijani ni ya eneo moja, na kwa City inatosha kabisa. Jina la mwongozaji lisipotajwa kwenye tangazo, uliza nani ataongoza siku hiyo.

Uliza pia idadi ya watu. Zaidi ya 20, pembeni mwa barabara yenye mabasi, nusu ya maneno hutayasikia, hasa kama masikio yako hayajazoea Kiingereza cha huku. Msimu nao ni hesabu: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, basi chukua ya asubuhi na uvae viatu visivyopitisha maji, maana mvua haiahirishi matembezi na pesa hairudi. Kituo cha Bank kina milango mingi, hivyo ukiambiwa mkutane Bank, uliza mlango upi kwa namba.

Mkiwa familia ya watu wanane, na mama mkubwa akiwa miongoni mwenu, piga hesabu upya. Tiketi nane za kikundi zinakaribia pauni 160. Mwongozaji binafsi wa beji ya bluu kwa nusu siku huanzia kwenye mia mbili na kitu. Kwa tofauti hiyo atatembea kwa mwendo wa mama, atajua choo kiko wapi na benchi liko wapi, na ukimwandikia wiki moja kabla atawaunganishia Fen Court, sanamu ya Frere na kaburi la Livingstone katika safari moja, jambo ambalo tangazo la kikundi halitakupa.