TAKE na FILTER za Excel: wastani wa vipimo 7 vya mwisho bila kudanganywa

Mi naandika presha ya mama kila asubuhi kwenye shiti, tarehe kolamu A, namba ya juu kolamu B, na daktari anachotaka ni wastani wa vipimo saba vya mwisho, sio wa tangu tuanze. Zamani nilikuwa natumia OFFSET (inayochagua eneo la seli kwa kuhesabu mistari) na COUNT na ilikuwa inakubali vizuri tu mpaka siku tuliyoruka kupima. COUNT inahesabu seli zenye namba peke yake, so ukiacha pengo moja fomula inaishia mstari mmoja juu, kipimo cha leo hakimo kabisa na hakuna alama ya kosa popote. Hilo ndo liliniuma, namba imekaa pale na wewe unaiamini.

Sa hivi natumia hii:

=AVERAGE(TAKE(FILTER(B2:B500,B2:B500<>""),-7))

Isome kuanzia ndani. FILTER inaondoa seli tupu, TAKE na ile -7 inachukua saba kutoka chini (ukisahau hako kaalama ka kutoa inachukua za juu, kuwa makini), AVERAGE inamalizia. Juzi nilikuwa na 142, 138, 145, 136, siku tupu, afu 140, 139, 133, ikatoa 139 kamili, nikapiga kwa kalkuleta ikaja hivyo hivyo. Ukitaka kipimo cha mwisho tu weka -1. Na kama rekodi hazijafika saba inachukua zilizopo, raha sana.

Ila sifuri jamani!! Dada aliandika 0 siku ambayo hatukupima, wastani ukaanguka mpaka 118.7, yani presha ya mama ikaonekana nzuri kumbe bado iko juu. Kwa Excel 0 sio seli tupu, ni namba, kwa hiyo sharti la ndani ya FILTER nimelibadilisha likawa B2:B500>0.

Kingine, inafuata mistari haiangalii tarehe, ukijaza ya wiki jana chini ya ya leo itahesabiwa ndo mpya, panga kwanza.

TAKE ipo Microsoft 365 na Excel 2024, ukiiandika kwenye Excel 2019 unapata #NAME? tu, yani Excel hailijui hilo jina. Dada yuko Google Sheets, kule nimemuwekea hii:

=AVERAGE(QUERY(A2:B500,"select B where B > 0 order by A desc limit 7",0))

Hii inajipangia tarehe yenyewe, na tangu hapo shiti zetu mbili zinatoa namba moja.