Mwaka mmoja na programu ya hali ya hewa isiyouona moshi: uzoefu wangu wa mwaloni Kibirizi

Nimetumia programu hii mwaka mzima, tena toleo la kulipia, na muda ulipoisha sikuongeza. Jina lake siliandiki kwa sababu nimeilinganisha na nyingine tatu, na kasoro nitakayoieleza nimeikuta kwa zote. Naandika kwa ajili ya mtu yeyote ambaye riziki yake inategemea jua: anayeanika dagaa, mpunga au mihogo, na hata anayechaji betri kwa sola.

Kazi yangu ni dagaa. Nanunua kwa wavuvi mwaloni Kibirizi, yaani pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, hapa Kigoma, naanika kwenye vichanja, nauza wakiwa wakavu kwa wafanyabiashara wanaopeleka Dar es Salaam. Dagaa mbichi hasubiri mtu. Boti zinaingia alfajiri, na kufika saa moja asubuhi uwe umeshaamua unachukua beseni ngapi. Likiwaka jua zuri la kiangazi, dagaa wa asubuhi unawaanua jioni ileile, wakavu, weupe, ukimkunja mmoja anakatika. Lisipowaka, umenunua hasara. Ndiyo maana nikalipia utabiri. Kwangu ile ni nyenzo ya kazi, kama mizani.

Na kwenye mvua ilinifaa kweli, niseme haki. Mwezi wa tatu na wa nne ilinionya mara nyingi kwamba mchana kutanyesha, nikanunua kidogo, wenzangu wakabaki wanakimbizana na maturubai. Upepo nao iliupatia. Ikisema upepo wa kusini utakuwa mkali, kweli boti za kwenda Gombe na Mwamgongo zilichelewa kuondoka. Kwa miezi hiyo ningeipa nyota tano bila kusita.

Kiangazi ndipo iliponiangusha, na ni kiangazi cha 2024, mwaka ambao hakuna mtu wa mwalo huu atakayeusahau. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu vichanja vikakaa vitupu. Lilipofunguliwa mwezi ulikuwa unakua. Tarehe 19 Agosti ulikuwa mpevu kabisa, na anayevua kwa taa anahitaji giza. Kwa hiyo dagaa wa maana walianza kuingia wiki ya mwisho ya Agosti, kuelekea mwezi mwandamo wa mwanzoni mwa Septemba. Kila mtu alikuwa na njaa ya kazi. Mimi nilikopa kwenye kikoba chetu, nikasubiri giza.

Asubuhi niliyonunua beseni nyingi kuliko siku yoyote, nilifungua simu kwanza. Kioo kilionyesha jua la njano limekaa katikati. Nyuzi joto 30. Mawingu asilimia 0. Mvua asilimia 0. Chini kabisa imeandikwa: mwonekano, kilomita 16. Nikainua macho. Milima ya Kongo haikuwapo, lakini hilo halikunishtua, ng'ambo hupotea kila kiangazi. Kilichonishtua ni Bangwe. Rasi ya Bangwe iko hapa hapa, inaifunga ghuba yetu upande wa kusini, siku ya kawaida unaona hadi miti yake. Siku ile ilikuwa doa la kijivu, na kufika saa mbili hata doa lilikuwa limefutika. Maji na anga vilikuwa rangi moja, kama maziwa yaliyochanganywa na majivu, na boti iliyotoka ufukweni ilionekana inaning'inia hewani kabla ya kumezwa.

Niliiamini simu. Nilijiambia huu ni ukungu wa asubuhi, jua litaukausha.

Saa sita nilisimama pembeni ya kichanja nikatazama chini. Kivuli chake hakikuwa na ukingo. Jua la Kigoma la mwezi wa nane huwa linachora kivuli cha waya mmoja mmoja wa kichanja kwenye mchanga. Siku ile kulikuwa na giza jepesi tu chini ya meza, huwezi kusema linaanzia wapi. Nikatazama juu, na nikaweza kulitazama jua kwa macho makavu, saa sita mchana. Duara la rangi ya shaba. Joto lilikuwepo, tena la kukaba, lakini lile jua linalochoma ngozi halikuwepo. Saa tisa nikashika dagaa mmoja mkiani nikamkunja. Akapinda. Hakukatika. Jioni nikawaanua wakiwa na majimaji tumboni, kesho yake nikawarudisha juani, siku ya tatu walikuwa wamegeuka njano na harufu imeanza. Mnunuzi wangu wa Dar akachukua dagaa mmoja, akambonyeza kwa vidole, akamnusa, akamrudisha kwenye beseni polepole. Tuliuziana kwa bei ya chakula cha kuku.

Siku tatu zile zote, simu ilikuwa na jua lilelile la njano.

Wavuvi nao walikuwa na kilio chao. Taa zao siku hizi ni za betri za sola, na wiki ile zilikuwa zinafifia saa tisa usiku kabla kazi haijaisha. Walimlaumu fundi, wakalaumu paneli feki. Paneli hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinakula jua lilelile lililoshindwa kukausha dagaa wangu.

Aliyenifumbua macho ni binti wa kaka yangu, anayesoma chuo, aliyekuja likizo. Alinikuta nimeshika simu nalalamika, akaniambia, "Shangazi, hiyo haiangalii angani. Inahesabu mawingu tu. Moshi si wingu." Kisha akanifungulia ukurasa wa NASA uitwao Worldview, ambao ni bure, unaoonyesha picha za kila siku za setilaiti, zikiwemo Terra iliyorushwa 1999 na Aqua ya 2002. Akasogeza hadi kwenye ziwa letu. Nilitegemea kuona ule mstari mrefu wa buluu. Niliona utando wa kijivu umefunika kuanzia ndani kabisa ya Kongo, ukapita juu ya ziwa, ukaingia Tanzania. Akabonyeza kitu kingine, vikatokea vidoti vyekundu vya moto, vingi mpaka kusini mwa Kongo, Zambia na Angola kukawa kama mtu ana surua. Na vya kwetu vilikuwepo: Katavi, Tabora, Kigoma hii hii. Watu wanasafisha mashamba, wanachoma nyika ili majani mapya yaote, wanafuata asali. Afrika ndilo bara linaloongoza kwa ukubwa wa eneo linaloungua kila mwaka, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi zamu ni ya upande wetu wa kusini mwa ikweta.

Moshi huo ukifika kwetu unakwama. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, ndani ya Bonde la Ufa, na milima imesimama pande zote mbili. Kiangazi hewa ya juu inatulia kama kifuniko, mvua ya kuuosha hakuna, kwa hiyo kila siku unaongezeka juu ya wa jana.

Sasa kwa nini programu haikuona kitu cha ukubwa huo? Nimefuatilia mpaka nimeelewa, na ninaona kila anayelipia huduma hizi anapaswa kujua. Kile kijipicha cha jua kinatokana na hesabu ya mawingu na mvua. Hakuna wingu, weka jua. Mifumo mingi mikubwa ya utabiri, inayolisha programu za simu duniani kote, inaweka vumbi na moshi kama wastani wa mwezi kwa miaka mingi. Yaani inajua kwamba Agosti huwa na moshi kiasi fulani, lakini moto uliowaka juzi haumo kwenye hesabu. Na ule "mwonekano kilomita 16" hakuna mtu aliyesimama Kibirizi akaupima. Kwa kawaida unakokotolewa kutokana na unyevunyevu, mvua na mawingu. Hewa ikiwa kavu, kompyuta inaona mtu anapaswa kuona mbali. Moshi wetu ni mkavu. Kadiri kiangazi kinavyozidi kukauka, ndivyo programu inavyozidi kuamini kwamba naiona Bangwe.

Kuna na suala la lugha, na hili limeniuma kama Mswahili. Niliweka programu kwa Kiswahili. Nikakuta kila kinachozuia macho kimepewa jina moja, "ukungu". Ukungu ni maji. Unalowesha nywele, unakuja alfajiri, jua likipanda unaondoka. Hiki chetu kinakausha koo na kinazidi mchana watu wanapowasha mashamba. Kamusi ina neno utusitusi, sisi hapa tunasema moshi tu na kila mtu anaelewa. Marubani wametofautisha zamani: kwenye ripoti za viwanja vya ndege, HZ ni utusitusi mkavu, FU ni moshi, BR ni ukungu mwepesi na FG ni ukungu mzito, na HZ huandikwa pale mwonekano unaposhuka hadi mita 5,000 au chini ya hapo. Kama rubani anapewa maneno manne, nahodha wa boti ya mbao aliyebeba akina mama na watoto kwenda vijiji vya kaskazini naye anayahitaji. Yeye hana rada. Anaongozwa na vilima vya ufukweni, na visipoonekana anaambatana na pwani na kuomba Mungu asikutane na mwenzake.

Ninachotumia sasa kiko hivi. Ulaya wana huduma inayoitwa Copernicus, na ndani yake kuna kitengo cha CAMS kinachotabiri hewa yenyewe: vumbi, moshi na chembechembe laini ziitwazo PM2.5, siku tano mbele. Kinachukua moto unaoonekana na setilaiti na kuuingiza kwenye hesabu, kisha kinausukuma moshi kwa upepo. Mimi nautazama utabiri huo kupitia Windy, tovuti ya ramani za hali ya hewa, kwenye tabaka la PM2.5, bila malipo. Nachagua Kigoma, nasogeza siku, naangalia rangi. Nimejiwekea kipimo changu: Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Namba ikipanda kupita hapo mara tatu, mara nne, sinunui kama mtu mwenye jua. Nachukua beseni nilizo na uwezo wa kuzitandaza nyembamba sana, dagaa mmoja mmoja asimlalie mwenzake, na nawageuza mara mbili zaidi.

Utabiri huo una mipaka yake. Unaigawa dunia katika vipande vya kilomita 40 hivi, kwa hiyo shamba linalochomwa Mwandiga leo asubuhi hautalijua. Majina ni ya Kiingereza na ramani inahitaji bando. Lakini Septemba iliyofuata ulinionyesha siku mbili kabla kwamba utando mzito unakuja, nami nikapunguza manunuzi, na ukaja. Siku hizo mama yangu mzazi, ambaye kifua chake ni cha kubembeleza, nilimhamishia chumba cha ndani na kufunga madirisha mchana. Kikohozi kilikuwepo, ila hakufika kulazwa kama mwaka uliotangulia. Pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wametengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu viitwavyo AirQo. Natamani sana kimoja kifungwe kwenye paa la ofisi ya mwalo wetu, kisome hewa tunayoivuta sisi.

Niliwaandikia wenye programu. Niliwatumia picha mbili, moja ya kioo cha simu na moja ya ziwa, zimepigwa dakika moja. Walijibu kwa upole kwamba data za mwonekano wanazipokea kwa mtoa huduma mwingine na maoni yangu yamepokelewa. Ninachoomba ni kidogo: neno "Moshi" litokee chini ya lile jua, na wajaze kutoka kwenye data ambazo tayari zinatolewa bure.

Nyota mbili kati ya tano. Zote mbili ni za mvua na upepo.

Malipo yangu yaliisha Novemba 2024, siku chache baada ya mvua ya kwanza nzito. Asubuhi ile nilitoka mlangoni nikasimama. Milima ya Kongo ilikuwa imesogea karibu, ya kijani, na mikunjo yake unaihesabu, na kule chini Bangwe miti yote iko mahali pake. Nikafungua simu kwa mara ya mwisho. Jua la njano, mwonekano kilomita 16.