Matembezi ya alfajiri ya mureleti na msekwoya: maelezo bora, kifungua kinywa mahali pasipofaa

Kampuni iliyotuongoza katika hifadhi ya Prairie Creek, kaskazini mwa California nchini Marekani, iliyatangaza matembezi haya kuwa ulinganisho wa viumbe wawili: mureleti mwenye mabaka, ambaye ni ndege wa baharini, na msekwoya wa pwani, mti wa koni unaoshinda miti yote duniani kwa urefu. Nilikwenda nikiwa na shaka, nikarudi nikiamini kwamba wazo lenyewe ni zuri sana.

Tulisimama gizani kabla ya jua kuchomoza, tukasikia milio mikali ikipita juu ya vilele, ingawa mureleti huruka kwa kasi mno na hakuna kati yetu aliyemwona vizuri. Hapo kiongozi alianza kueleza, kwa sauti ya chini na bila haraka, kwamba ndege huyu mwenye uzito wa gramu 220 hivi huvua samaki baharini, lakini hutaga yai moja tu juu ya tawi pana lililotandwa na mimea laini, bila kujenga tundu lolote, na wazazi hupokezana kulilalia kila baada ya saa 24. Siri hiyo ilifichika kiasi kwamba kiota cha kwanza mtini huko Amerika Kaskazini kilithibitishwa mwaka 1974 tu, katika hifadhi ya Big Basin, na aliyekikuta alikuwa mkwea miti. (Kilikuwa juu ya mduglasi, mti mwingine wa koni, si msekwoya, nampongeza kiongozi kwa kulisema hilo waziwazi.) Msekwoya nao huweza kupita mita 115 na kuishi zaidi ya miaka 2,000, na tawi la kutosha yai huchukua karne nyingi kunenepa.

Nilichokikosa ni mwisho wa ulinganisho huo. Tuliambiwa kwamba wawili hawa wanategemeana, kauli ambayo si sahihi, kwa sababu mti haumhitaji ndege. Baada ya moto wa mwaka 2020 kuiunguza Big Basin, misekwoya mingi ilichipua upya kwenye mashina na matawi, ilhali mureleti hawezi kutaga juu ya chipukizi.

Kasoro kubwa zaidi ni kifungua kinywa, ambacho tuliandaliwa chini ya miti ileile. Makombo huwavuta kunguru na jamaa zao, nao ndio hula mayai na makinda ya mureleti, ndege ambaye tangu mwaka 1992 amehesabiwa na sheria ya Marekani kuwa hatarini katika jimbo la California. Nilimweleza kiongozi, tukaokota makombo pamoja hadi la mwisho. Kwa maelezo yake ninatoa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaitoa siku chakula kitakapoliwa ndani ya gari.