Kupima mafuta ya damu Mwanga, Kigoma: vipimo safi, mapokezi hovyo

Maabara yenyewe siitaji jina, ni ya binafsi huku Mwanga. Tulienda mi na kaka angu baada ya baba mdogo kulazwa na kongosho, dokta akasema mafuta kwenye damu yamepanda sana na haya mambo hutembea kwenye ukoo, so watoto wote mkapime.

Nikapiga simu kuuliza tujiandae vipi, dada wa mapokezi akasema njooni tu. Haya, asubuhi tukala ugali wa muhogo na migebuka ya mawese tukaenda, tukakaa kwenye benchi kama masaa mawili, tukatolewa damu, ndo mtaalamu, mzee mmoja mpole hivi, anatoka na vichupa viwili mkononi anauliza "wanangu, mmekula?" Sindano ishaingia ndo unauliza!

Ila alichotuonyesha sijawahi kuona. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, nyekundu inatulia chini, juu yanabaki maji ya njano. Ya kaka yalikuwa na ukungu kidogo tu. Yangu meupe pee, kama uji wa maziwa. Na tulikula sahani moja! Kaka ana kitambi, mi mwembamba naendesha baiskeli mpaka Ujiji na kurudi, nikabisha kwamba wamechanganya majina.

Tukarudi kesho yake hatujala toka saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, na hela tukalipa upya, hiyo imeniuma mpaka leo. Traigliseraidi, yaani hayo mafuta ya kwenye damu, ya kaka 1.3, yangu 6.2, wakati kawaida iwe chini ya 1.7.

Hapo mzee akakaa na sisi, na hiki ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Alisema ukila mafuta yanaingia kwenye damu yamefungashwa kama mzigo wa meli, kwenye kuta za mishipa kuna kimeng'enya kinaitwa laipezi ndo wabeba mizigo wa bandarini, wanashusha mafuta yaende kwenye misuli na kwenye akiba ya mwili. Sasa jeni za kutengeneza hao wabeba mizigo hazifanani kwa kila mtu, wengine wamerithi wanaozembea, mzigo unakaa gatini damu inakuwa nyeupe, na ikizidi sana ndo kongosho inaumia kama ya baba mdogo. Kuna na protini nyingine, apoC3, hiyo kama nyapara anayewazuia wasifanye kazi. Usiku nikaisoma kwenye simu, kumbe kule Lancaster, Marekani, watafiti walitoa ripoti mwaka 2008 kwamba kama asilimia 5 ya Waamish, jamii ya Wakristo wa kule wanaoishi maisha ya kizamani, wana jeni moja ya huyo nyapara iliyokufa, wakawanywesha kinywaji kimejaa mafuta na bado damu zao hazikupanda kama za wenzao. Watu wana bahati jamani.

Jeni zenyewe hapo hawapimi, wanapima mafuta tu, msiende mkitegemea hilo. Karatasi ya majibu nayo ni namba tupu, bila yule mzee ningetoka kapa. Nimepelekwa kwa dokta, nimeambiwa pombe na sukari kwanza niache, soda zangu mbili kwa siku ndo basi tena.

Nyota tatu. Nne ningewapa kama yule mzee ndo angekuwa anapokea simu.