Kihisi cha Kichocheo na cha Infraredi: Hitilafu Zinavyojitokeza
Kihisi cha kichocheo, kifaa cha kugundua gesi inayoweza kuwaka, huunguza gesi hiyo juu ya ushanga mdogo uliopashwa moto, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ushanga huo ukishaharibiwa na mvuke wa silikoni, unaoweza kutoka hata kwenye vilainishi vya kawaida, kifaa huendelea kuonyesha sifuri kana kwamba hewa ni salama. Fundi hawezi kuligundua hilo bila kukipulizia gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana; kipimo kisipopanda hata baada ya kurekebishwa, kihisi kibadilishwe. Kihisi cha infraredi, ambacho hutambua gesi kwa mwanga usioonekana na hakihitaji oksijeni, kwa kawaida hutoa chenyewe ishara ya hitilafu kioo chake kinapozibwa na vumbi au ukungu, na mara nyingi kukisafisha kioo hicho kunatosha. Ningechagua hiki cha pili, isipokuwa penye haidrojeni, ambayo hakiioni kabisa.